Kitanda Kimetangulia Bunda

Kamunyonge, Musoma

Mwanangu Nyangeta,

Ninaandika ukiwa Butiama kumuaga shangazi yako. Kesho asubuhi utapita hapa kuchukua sanduku lako, halafu uende Bunda ukaanze kazi ya unesi hospitalini. Nimeviona vitu vyako ulivyovipanga kwenye kiti, sare zimekunjwa, viatu vyeupe vimefungwa kwenye gazeti. Uko tayari. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kuchagua marafiki. Hayo unayajua, na siku hizi wewe ndiye unayenikumbusha, unaponishika mkono kunipeleka uani kama mtoto anayejifunza kutembea.

Nakuandikia kwa sababu ya maneno uliyoyasema Jumapili tulipokuwa tunatoka kanisani. Ulisema, "Baba, usiwe na wasiwasi. Chumba wanachonipa Bunda nitawaachia wenzangu. Nitakuwa naenda asubuhi, jioni narudi kukupikia. Mbona Mama aliweza?"

Nilifurahi. Nilikwambia ubarikiwe, na njia nzima nilitembea kama mtu aliyepunguziwa umri. Tulipofika nyumbani nikakaa, na furaha ile ikaanza kunitisha, kwa sababu niliitambua. Niliwahi kufurahi hivyo hivyo zamani, mwanamke alipokubali kuja na kurudi kila siku ili mimi nisisogee nilipo.

Mama yako hakuweza, Nyangeta. Alikwenda na kurudi tu. Watu wanachanganya mambo hayo mawili, na wewe nimekulea katika kuyachanganya.

Utaona mistari inapanda na kushuka. Pumzi yangu siku hizi ni fupi, naandika kidogo, naweka kalamu, nasubiri. Vumilia mwandiko wa mwalimu aliyekuwa akiwachapa watoto wa watu kwa mwandiko mzuri kuliko huu.

Nilimuoa mama yako si muda mrefu baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, yeye nesi aliyetoka masomoni, na tulipopita sokoni watu walituangalia. Nilijivunia sana. Nilipenda kusema "mke wangu ni nesi" hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza. Baadaye nikawa mwalimu mkuu wa shule hapa mjini. Shule ilikuwa karibu kiasi kwamba kengele ya kwanza niliisikia nikiwa bado nanawa uso, na bado nilikuwa na baiskeli.

Azimio lilipokwisha kutangazwa, vijiji vipya vikaanza kupata zahanati. Mama yako akapangiwa kijiji kimoja cha upande wa Butiama, kile unachoshukia Makutano halafu unatembea. Watu wa kule walimwita Nesi Roda. Alikuwa akitoka hapa bado giza. Alivaa gauni la zamani na makatambuga ya matairi, na sare pamoja na viatu vyeupe alivifunga ndani ya kanga ili vumbi lisivifikie. Alibadilisha nguo akifika. Wagonjwa wake hawakuwahi kumwona na vumbi. Lote alilileta hapa.

Msimu wa pamba ulikuwa nafuu yake. Malori yalitoka mjini matupu kwenda kuchukua pamba vijijini, na jioni yalirudi yamejaa. Asubuhi alirukaruka kwenye bodi tupu, jioni alikaa juu ya magunia. Wewe ulikuwa mdogo na ulikuwa na kazi yako. Akiingia tu, ulimkalisha kwenye kigoda na kuanza kumtoa pamba kichwani, uzi mmoja mmoja. Siku moja ukaniuliza kama hospitali ya Mama ni ya kutibu pamba. Tulicheka mpaka yeye akasinzia katikati ya kicheko. Nakumbuka nilicheka zaidi kwa kuwa alikuwa amesinzia. Leo sioni kilichonichekesha.

Msimu ukiisha, malori nayo yaliisha. Hapo alitegemea gari lolote linalokwenda upande wa Buhemba, au mtu mwenye baiskeli mwenye huruma, au miguu yake. Baadaye petroli ikaadimika na hata magari hayo yakawa ya kubahatisha. Alikula huku amelala. Mara nyingi nilimkuta ameshika tonge la ugali, mchuzi umemkaukia vidoleni, macho yamefumba. Nilimwamsha nikamwambia amalize kula. Nilidhani kumwamsha ndiyo kumjali.

Wanakijiji ndio waliokuwa wa kwanza kuona kwamba jambo lile haliwezekani. Walifyatua matofali wakajenga nyumba ya nesi pembeni ya zahanati, kwa nguvu zao wenyewe, baada ya kazi za shamba la kijiji. Ilipokwisha, Mzee Wambura, aliyekuwa mwenyekiti wao, akaja hapa Kamunyonge kwa miguu, koti lake mkononi. Alikataa kiti, akakaa kizingitini.

"Mwalimu, nyumba imekwisha," alisema. "Vyumba viwili na bati. Sisi wenyewe tunalalaga chini ya nyasi, ila ya Nesi tumeiwekea bati."

"Hongereni sana kwa moyo wa kujitegemea," nilimjibu, kama niko jukwaani.

"Asante. Sasa mnahamia lini?"

Nilimwambia nitalifikiria. Nilimweleza kwamba shule ni kubwa, na mambo ya ofisi huchukua muda wake.

"Na yetu ni shule," akasema. "Mwalimu mkuu alihamishwa, hatujaletewa mwingine. Tumeshaongea na ofisi ya elimu, wanasema ukikubali wewe hakuna shida." Akaniangalia kwa subira. "Wanawake wetu wanazaaga usiku, Mwalimu. Mchana wana kazi."

Alipoondoka mama yako alikuwa ndani, anapiga pasi sare ya kesho yake. Pasi ilisimama kidogo, ikaendelea.

Ndugu zangu wa umri wangu unawajua, tulikuwa tukikutana Nyakato jioni. Nilifanya kosa la kuwaambia. Magesa ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo Roda anakuoa?"

"Nyumba ni ya serikali ya kijiji," nikasema.

"Imejengwa kwa jina la nani?"

"La nesi."

"Basi anakuoa. Ametoa ng'ombe wangapi?" Watu wakaanza kushika mbavu. "Uliza mapema, Mwalimu, tusije tukapunjwa. Sisi ndio wajomba zako, tunataka dume moja la kuchinja. Na siku ukimkosea, atakurudisha kwa baba yako na masufuria yako?"

Nilicheka pamoja nao. Nilicheka kuliko wote, na katika kicheko hicho shauri likawa limekatwa. Unajua kwetu: mwanaume hujenga, mke huletwa. Mwanaume akiingia kwenye nyumba iliyosimamishwa kwa ajili ya mke wake, anakuwa mgeni wa mke wake, na watoto wake watatajwa kwa upande wa mama. Nilikuwa nimesoma kuliko wote waliokaa pale. Niliwasomea magazeti. Niliweza kueleza siasa ya vijiji kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini maneno ya Magesa yalinishika shingoni, na shingo haijui kama umesoma.

Nilimwambia mama yako, "Nyumba yako ni hii."

Akasema, "Sawa, Baba Nyangeta. Basi nitaendelea na malori."

Laiti angegomba. Siku hizi namsikia akisema hivyo, kwa sauti ile ile ya kukubali zamu, na natamani angenitupia hata sufuria.

Kuna jambo jingine ambalo hutalipata kwa mtu mwingine, kwa hiyo nalisema mimi. Ulipokuja wakati wa kuhamisha watu waingie vijijini, walimu tulitumwa kusema na wananchi. Mimi nilisifika kwa hotuba. Nilisimama mbele ya wazee walioacha makaburi ya baba zao na mazizi yao, nikawaambia nyumba ni matope na miti tu, mtu anaweza kuijenga popote penye watu wenzake. Niliwaambia asiyetaka kuhama anaishi kwa ajili ya jina lake. Nilisema hivyo, Nyangeta, kwa kinywa hiki. Nilipomaliza nikamwona mama yako nyuma ya umati, kanga yenye sare kwapani, anasubiri kuona kama Landrova yetu itampa nafasi ya kurudi mjini. Tulimpa. Alikaa kati ya magunia ya mahindi na spea ya tairi. Tulipokaribia Musoma aliniambia, "Umesema vizuri." Hakuwa ananikejeli. Nadhani kweli alisikiliza, na kweli aliona nimesema vizuri.

Ngoja nipumzike hapa. Linalofuata ni zito kwangu.

Unakumbuka mwaka ule wa mvua nyingi, ulipolala kwa jirani yetu Mama Sabato, ukaambiwa mama yako ana malaria? Haikuwa malaria. Alikuwa na mimba, imeshaanza kuonekana. Mvua zilipoanza, udongo mweusi wa kule ulishika kila kitu chenye magurudumu. Akaniomba. Ni mara pekee katika miaka yote hiyo alipoomba jambo.

"Nilale kule kipindi hiki cha mvua tu," alisema. "Mpaka nijifungue. Wewe na Nyangeta mbaki hapa, sitawasumbua."

Nikamwambia, "Na watu waseme nimeachwa?"

Hicho ndicho nilichomwambia. Nimekigeuza mara nyingi nikitafuta namna ya kukiandika kisionekane hivi, na hakuna. Sikumwambia hata pole.

Akaendelea kwenda na kurudi. Siku moja hakukuwa na gari kabisa. Alitembea kutoka kijijini hadi Makutano ndani ya matope, viatu vyeupe vimefungwa kifuani, kisha akatembea tena barabara kuu mpaka trekta moja likamwonea huruma. Alifika hapa akitetemeka. Alinawa miguu, akasema amechoka kidogo, akaenda kulala. Baadaye nikasikia ananiita kwa jina langu la utotoni, ambalo hakuwahi kulitumia.

Nilipanda baiskeli kwenda kwa nesi wa mtaa wa pili, yule aliyekuwa akifanya kazi hospitali. Nilimkuta mume wake mlangoni amebeba mtoto. "Bado hajarudi," akasema. "Yuko njiani." Nilirudi peke yangu. Roda aliyewazalisha wake za watu kijiji kizima hakuwa na mtu wa kumshika mkono isipokuwa mimi, na mimi nilikuwa sijui chochote. Yeye ndiye aliyekuwa ananielekeza: lete maji, lete kanga ile, usiogope. Alikuwa mtoto wa kiume. Ulikuwa na mdogo wako, mwanangu. Nilimzika nyuma ya nyumba, pale ulipopanda mipapai.

Asubuhi nikawaambia majirani ni malaria. Ulikuja na uji kwenye bakuli la bluu, umemwagika nusu njiani, akaunywa wote mbele yako.

Ungedhani baada ya hapo nilihama. Ningeweza. Nyumba ilikuwa bado inasubiri. Kulikuwa na bibi mmoja kule aliyekuwa akiingia kuwasha moto jikoni kila baada ya siku chache, kwa sababu nyumba isiyopata moshi huliwa na mchwa. Mama yako alinisimulia hilo bila kunilaumu, kama mtu anayesimulia habari za mazao. Lakini kuhama wakati ule kungekuwa ni kukiri kwamba ningeweza kuhama mapema. Kwa hiyo nilikaa. Kosa la kwanza lilikuwa la kuogopa watu. Hili la pili lilikuwa la kujiogopa mwenyewe, na hilo ndilo lililodumu.

Alirudi kazini akiwa bado amefunga tumbo. Aliendelea, msimu wa malori na msimu wa miguu, mpaka miguu ikaanza kuvimba jioni, halafu ikawa imevimba hata asubuhi. Daktari alisema ni moyo. Wewe sasa umesoma, unajua moyo unaharibika kwa njia nyingi, na mimi siwezi kusema njia ya Makutano ndiyo iliyomuua. Siwezi pia kusema siyo. Ninachojua ni kwamba aliwatunza watu wa kule mchana, na watu wa kule walikosa mtu usiku, na sisi hapa tulimpata akiwa ameisha. Hakuna upande uliompata mzima. Mimi niliyemng'ang'ania ndiye niliyepata kidogo kuliko wote: mwanamke aliyelala na tonge mkononi.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kutawanyika, lori la pamba likasimama mbele ya nyumba. Mzee Wambura alikuwa juu na vijana, na juu ya magunia kulikuwa na kitanda. Wakakishusha.

"Hiki ni cha Nesi," alisema. "Fundi wetu alikichonga kwa mninga, wakati ule wa nyumba. Kimekaaga tu ndani, hakuna aliyekilalia."

"Mbona mnakileta huku, Mzee?" nilimuuliza. "Mtapata nesi mwingine."

"Tutapata. Atachongewa chake." Alikipangusa vumbi kwa mkono wa koti. "Huyu alikuwa na mtoto wa kike, si ndiyo? Basi."

Nilitaka kumwambia kitu. Wewe ulikuwa umesimama pale na nguo zako za msiba, na nikaona aibu mbele yako. Nikasema, "Kiingizeni chumba kile." Ulipoanza kukisifia kwa wenzako kwamba baba yako amekununulia kitanda cha mninga, sikukusahihisha. Umekilalia miaka yote hii hujui. Kilikuwa cha kuwekwa hatua chache kutoka kwenye mlango wa zahanati, ili nesi aitwe usiku, aamke, afanye kazi yake, kisha arudi kujilaza. Hicho tu ndicho walichotaka wale watu. Hawakutaka zaidi.

Sasa ndiyo Jumapili ukaniambia utakwenda Bunda asubuhi na kurudi jioni, kwa ajili yangu. Na mimi mzee mgonjwa nikasema ubarikiwe.

Sijakuandikia haya ili unisamehe. Ukinisamehe nitashukuru, ukishindwa nitaelewa, na muda wa kulipima hilo mimi sinao. Nimeandika kwa sababu ukinionea huruma tu, utarudi. Nakujua. Nilitaka ujue unayemrudia ni nani, na safari hiyo ilikwisha kumla nani. Huko utakutana na watu wengine watakaokutaka uje na kurudi, mume pengine, au mkubwa wa kazi, na watakuomba kwa upendo kama nilivyoomba mimi. Sikupi kanuni ya kuwajibu. Kumbuka tu pamba kichwani mwa mama yako, halafu ujibu unavyoona.

Shangazi yako atakuja kukaa na mimi. Nilimtumia habari kabla hujafika kwake, na nilimwomba asikwambie. Miaka mingi sikutaka aishi humu, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyeniambia usoni kwamba nimemgeuza mtoto wa watu kuwa punda wa kwenda sokoni. Acha aje aniambie tena. Atanipikia uji mzito kupita kiasi na tutagombana, kwa hiyo sitakuwa mpweke.

Leo mchana nilimwita Magesa. Ndiyo, yule yule. Naye amezeeka, anatembea na fimbo mbili. Mtoto wake anaendesha lori linalopeleka vitu Bunda. Vijana wa lori walipoanza kukifungua kitanda chako, Magesa alisimama mlangoni akiangalia.

"Sasa huyu binti akirudi jioni atalala wapi?"

"Harudi jioni," nikamwambia.

Nilisubiri mzaha, maana kwa Magesa huwa haukosekani. "Angalieni miguu ya kitanda," akawaambia vijana, "msiikwaruze mlangoni." Halafu akaja akakaa karibu nami mpaka lori likaondoka.

Kwa hiyo usishtuke asubuhi utakapofungua chumba chako. Njoo siku za likizo, ukiwa umepumzika, mchana, kwa gari zuri. Utalala kwenye mkeka na shangazi yako na mtanisengenya. Nikizidiwa, watakuletea habari, nawe usitoke mbio barabarani usiku. Nitakuwa naye mtu wa kunishika mkono, na hilo ni zaidi ya nililompa mama yako.

Kitanda cha Nesi kiko Bunda, kwenye chumba kilicho karibu na wodi. Nimewaambia wakiweke upande wa dirisha. Kalale, mwanangu.

Baba yako.